Mzazi Katika Furaha ya Wanawe

Msomaji kijana, kuna swali dogo ambalo watu hulipita kama wapitavyo jiwe la njiani, nalo likitazamwa vema ni mlango wa maswali makubwa. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa mtu mzima, mwenye nyumba na watoto wa kumwita baba au mama, aketi pamoja na watoto hao akafurahie mambo yaliyotungwa kwa ajili yao? Sisemi akae karibu nao huku akisoma gazeti, wala sisemi awavumilie kama mgonjwa avumiliavyo dawa chungu. Nasema afurahi kweli: acheke wanapocheka, ashike roho wanaposhika roho, na kesho yake akiwa kazini akumbuke kwamba Fisi ameachwa ndani ya shimo, akatamani jioni ifike apate kujua atatokaje.

Wako watu wengi, tena wenye busara, wanaojibu kwamba haifai. Si haki kuwapuuza kabla ya kuwasikiliza. Sababu zao ni tatu. Ya kwanza ni heshima. Wanasema kwamba mzazi ni nguzo ya nyumba, na nguzo haichezi. Siku icheze, paa huanguka. Wahenga wamekwisha kutuonya kwamba ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Mtoto aliyemwona baba yake akipiga makofi kwa ajili ya katuni leo, kesho atampigia makofi baba yule yule anapomkanya. Sababu ya pili ni kazi. Maisha ni mzigo, na saa ya kucheka ni saa iliyoibwa shambani, dukani, au katika usingizi wa mtu aliyechoka. Sababu ya tatu ni mtoto mwenyewe. Mtoto hukua kwa kuvutwa juu. Basi mzazi akiteremka chini alipo mtoto, ni nani atakayebaki juu wa kumvuta?

Nitazijibu sababu hizi moja baada ya moja, maana zinastahili jibu.

Tuanze na heshima. Mwandishi Plutarch wa zamani amesimulia habari za Agesilaus, mfalme wa Sparta katika nchi ya Wayunani, aliyetawala yapata miaka 2,400 iliyopita. Sparta haikuwa nchi ya mchezo. Wavulana wake waliondolewa nyumbani wakiwa na umri wa miaka saba, wakalelewa kambini wawe askari. Agesilaus alikuwa amiri wa vita aliyeogopwa na maadui zake. Siku moja rafiki yake mmoja alimkuta nyumbani amepanda fimbo kama farasi, akicheza na watoto wake wadogo. Mfalme hakuona haya wala hakujificha. Alimwomba rafiki yake asimwambie mtu habari ile mpaka yeye mwenyewe atakapokuwa baba wa watoto.

Itafakari hadithi hiyo. Mfalme alijua kwamba asiye na mtoto angeona upumbavu, na mwenye mtoto angeona jambo la kawaida. Fimbo ile haikumpunguzia hata chembe ya ufalme wake, kwa sababu ufalme wake haukusimama juu ya uso mkavu. Ulisimama juu ya matendo yake. Ndivyo ilivyo heshima ya kila mzazi. Mama anayetimiza ahadi, anayeamka alfajiri, asiyesema uongo mbele ya wanawe wala nyuma yao, hawezi kuporomoka kwa kuucheka mchezo wa watoto. Na baba aliyepoteza heshima yake kwa ulevi au kwa udanganyifu hatairudisha kwa kununa. Tumezoea kuchanganya heshima na hofu kwa sababu zote mbili huleta ukimya. Lakini ukimya wa hofu huisha mzazi atokapo mlangoni, na ukimya wa heshima hubaki hata mzazi akiwa safarini.

Tena, tukidhani kwamba mzazi kushiriki michezo ya watoto ni jambo geni lililoletwa na runinga, tumesahau tulikotoka. Jioni, baada ya chakula, bibi alipoanza kwa kusema "Paukwa!" na nyumba nzima ikaitikia "Pakawa!", hakuna aliyesema kwamba bibi amekuwa mtoto. Hadithi za Sungura na Fisi, na za Abunuwasi na hila zake, zilitolewa kwa watoto, na wakubwa walizisikiliza kwa masikio yale yale. Bibi mwenyewe alicheka mahali alipokwisha kucheka mara mia. Kicheko chake kilikuwa sehemu ya hadithi, wala hadithi isingenoga bila yeye.

Watazame pia watu wanaotegeana vitendawili. Mtoto akisema "Kitendawili!" na wakubwa wakaitikia "Tega!", wakubwa hao wamekwisha kukubali sheria moja kwa wote. Baba akishindwa kufumbua, mtoto atamwambia, "Nipe mji," na baba hana budi kutoa mji, awe amempa Mombasa au Nairobi. Mtoto huenda katika mji huo wa maneno, akasimulia jinsi alivyopokewa kwa shangwe, kisha akatoa jibu. Ni jambo kubwa hilo. Mle ndani ya mchezo mkubwa ameshindwa na mdogo, na hakuna aliyekasirika, kwa kuwa sheria ya mchezo humfunga mwenye nguvu kama imfungavyo mnyonge. Mtoto aliyeona baba yake akishindwa kwa haki na akakubali kwa uso mkunjufu, amefundishwa somo la uadilifu ambalo mimi mwalimu sina ubao wa kuliandikia.

Basi kigeni si mzazi kuwapo katika furaha ya watoto. Kigeni ni kutokuwapo kwake. Televisheni ilipoanza kuonyeshwa nchini Kenya mwaka 1962 ilikuwa chombo cha watu wachache, na hata ilipoenea baadaye, nyumba ilikuwa na chombo kimoja tu, pengine kikitazamwa na majirani pia. Michezo kama Vitimbi na Vioja Mahakamani ilitazamwa na babu na mjukuu katika mkeka mmoja. Leo katika nyumba nyingi za mijini kila mtu ana simu yake ya mkononi. Watu watano huketi katika chumba kimoja, kila mmoja ameinamia kioo chake, na kila mmoja anacheka peke yake kwa jambo ambalo wenzake hawalijui. Hakuna ugomvi katika chumba hicho, na mgeni akiingia huenda akasifu utulivu. Lakini utulivu huo ni wa abiria wa basi, si wa jamaa.

Sasa nije kwenye sababu ya pili, yaani kazi. Ni kweli kwamba mzazi wa nchi yetu hana saa nyingi za kuchezea. Wako wanaotoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada yake, na wako wanaofanya kazi mbali na jamaa zao mwaka mzima. Si kusudi langu kumwongezea mzigo mtu aliyekwisha kulemewa. Lakini tusipime jambo hili kwa saa.

Niliwahi kuwauliza wanafunzi wangu chuoni, vijana wanaojiandaa kuwa walimu, waandike jambo moja wanalolikumbuka kwa furaha kuhusu wazazi wao. Mmoja aliandika habari za baba yake aliyekuwa dereva wa lori. Baba huyo alilala nyumbani siku mbili au tatu tu katika mwezi, na huko njiani hakuwa na nafasi ya kutazama televisheni. Lakini alijua kwamba mwanawe alipenda mchezo fulani wa watoto, na kila aliporudi, kabla hajavua viatu, aliuliza, "Je, yule mwizi amekwisha kukamatwa?" Kijana akaketi akamsimulia yote yaliyotukia. Baba alikumbuka kila jina, akabishana naye kuhusu nani mwovu na nani mwema, akakasirika kweli kweli mwizi alipoponyoka. Kijana aliandika kwamba zawadi alizoletewa amezisahau, ila swali lile hajalisahau. Dereva yule hakuwa na saa za kutoa. Alitoa kumbukumbu yake. Aliubeba mchezo wa mtoto barabarani pamoja na shehena ya tajiri wake, nao haukumlemea.

Sababu ya tatu ilikuwa nzito kuliko zote: kwamba mzazi atateremka na mtoto atakosa wa kumvuta. Nitaijibu kwa mfano wa kitabu ambacho pengine umekisoma. Mwaka 1881 Robert Louis Stevenson, mwandishi wa Scotland, alikuwa katika likizo pamoja na jamaa zake katika kijiji cha Braemar. Mvua ilinyesha siku nyingi. Mtoto wake wa kambo, Lloyd Osbourne, alikuwa akijipumbaza kwa kuchora picha na kupaka rangi, na Stevenson akajiunga naye. Siku moja ramani ya kisiwa ikatokea mbele yao. Kutokana na ramani hiyo alianza kutunga hadithi ya maharamia na hazina iliyozikwa, akawa anawasomea watu wa nyumbani sura baada ya sura.

Baba yake Stevenson, Mzee Thomas, alikuwamo humo nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka 63, mhandisi mashuhuri wa kujenga minara ya taa za baharini, mtu wa dini na wa mambo mazito. Zamani alikuwa amegombana sana na mwanawe, kwa kuwa mwana alikataa kuirithi kazi ya uhandisi, tena akaiacha imani ya nyumbani kwao. Lakini hadithi ya maharamia ilipoanza kusomwa, mzee huyo aliwaka kama mtoto. Ilipofika zamu ya kufunguliwa sanduku la haramia mmoja aliyekufa, alikaa sehemu kubwa ya siku akiandika orodha ya vitu vinavyofaa kukutwa ndani yake, na mwanawe akaifuata orodha hiyo. Jina la merikebu ya nahodha mkuu wa maharamia, Walrus, lilikuwa shauri la mzee. Kitabu kilitoka mwaka 1883. Baadaye kilifasiriwa kwa Kiswahili kikaitwa Kisiwa chenye Hazina, kikasomwa shuleni katika Afrika Mashariki.

Je, nani aliteremka hapo, na nani alivutwa juu? Mtoto alipata kitabu kilichotabarukiwa kwa jina lake. Mwandishi alipata kazi iliyomtangaza ulimwenguni. Na mzee, ambaye hakumpata mwanawe katika minara ya taa, alikaa naye meza moja mbele ya sanduku la haramia. Sisemi kwamba hadithi ilifuta yote yaliyopita kati yao. Hayo wanayajua wenyewe. Nasema kwamba panapo ugomvi wa muda mrefu, watu huhitaji mahali pa kukutana ambapo hapana hata mmoja aliyekuja kushinda. Mchezo ni mahali pa namna hiyo.

Hata wataalamu wa elimu wamelijua jambo hili. Mchezo wa televisheni uitwao Sesame Street, ulioanza nchini Marekani mwaka 1969 kwa ajili ya watoto ambao hawajaanza shule, ulitiwa kwa makusudi mizaha ya kuwafurahisha wakubwa. Watungaji wake walitaka mzazi avutwe kuketi na mtoto, maana mtoto atazamaye pamoja na mtu wa kumwuliza na kumweleza hujifunza zaidi ya mtoto aachwaye peke yake. Mzazi anayeketi chini hapotezi urefu wake. Anaposimama, huinuka na mtoto mkononi.

Liko na faida nyingine ambayo ninyi vijana mtaielewa upesi. Katika nyumba zetu nyingi kuna mambo ambayo baba hawezi kumtajia binti yake, wala mama mwanawe wa kiume: mapenzi, ulevi, woga, na aibu za ujana. Ulimi hukwama. Lakini wakitazama pamoja mchezo kama Tahidi High, uliokuwa ukionyesha maisha ya shule ya upili, wanaweza kumsema yule msichana wa mchezoni aliyedanganywa, na yule mvulana aliyewafuata wenzake mpaka akapotea. Baba husema, "Ningekuwa mimi baba yake ningemsikiliza kwanza." Binti husikia, na hujua kwamba maneno hayo yamesemwa kwake bila kumgusa. Hadithi imekuwa mtu wa tatu aliyeketi kati yao, akabeba mzigo ambao hakuna mmoja wao aliyeweza kuuinua. Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya Sungura na Fisi tangu zamani.

Hata hivyo, msomaji, kila jambo jema lina mpaka, na anayesifu asali hana budi kutaja nyuki. Namwona mzazi wa kwanza anayeharibu: yule anayeukimbilia mchezo ili aikwepe kazi. Karo haijalipwa, chakula hakijapikwa, naye ameshinda na simu akishindana na mwanawe katika michezo ya magari. Huyo hakuingia katika utoto wa mwanawe. Ameukimbia utu uzima wake, na mtoto amebaki bila mzazi ijapokuwa ana mchezaji mwenziwe. Wa pili ni yule anayejifanya kufurahi ili apate kupeleleza. Huuliza habari za muziki wa vijana kwa tabasamu, kisha majibu akayageuza mashtaka. Wa tatu ni yule anayenyakua. Huvaa kama vijana, husema kama vijana, hujipenyeza kati ya marafiki wa mwanawe mpaka kijana akakosa pa kuwa peke yake. Tangu mwaka 2010 vijana wa Kenya wamesoma hadithi za picha za Shujaaz, zilizoandikwa kwa Sheng. Mzazi akizichukua akamwuliza mwanawe maana ya maneno, ni vema: amemfanya mtoto kuwa mwalimu. Lakini akianza kusema Sheng mbele ya rafiki zake ili apendwe, amevuka kizingiti bila kubisha hodi. Mtoto mdogo humvuta mzazi kwa mkono aingie mchezoni. Kijana aliyekua ana ua wake, na mwenye adabu husubiri kuitikiwa karibu.

Hapa ndipo lilipo jambo gumu katika swali letu. Ikiwa furaha ya mzazi ni lazima iwe ya kweli, je, tunaweza kumwagiza mtu afurahi? Furaha haiagizwi. Kicheko cha kuazima hutambulikana, na watoto ndio wepesi wa kukitambua. Mzazi anayecheka kwa sababu ameambiwa kwamba kucheka kunafaa kwa malezi, hatofautiani na muuzaji anayemchekea mnunuzi. Basi wajibu wake uko wapi?

Naona wajibu wake uko katika kutazama. Hatuwezi kujiamuru kufurahi, lakini twaweza kujiamuru kutazama vizuri na kwa subira kitu kinachomfurahisha mwenzetu, bila kukidharau kabla ya kukijua. Aghalabu furaha hufuata macho. Mtu aliyeuona mchezo wa bao kwa mara ya kwanza huona kete zinazohamishwa tu. Akikaa siku tatu na mtu wa kumweleza, atakosa usingizi kwa ajili yake. Na hata kama furaha isipofuata, kutazama kwenyewe ni namna ya upendo, kwa maana mtu hampi mwenziwe macho yake kwa muda mrefu isipokuwa amemthamini. Mzazi anayesema kwa kweli, "Mchezo huu siupendi, lakini nionyeshe wewe unaupendea nini," amefanya zaidi ya yule anayepiga makofi ya uongo.

Nimewasema wazazi kwa maneno mengi, na kitabu hiki kiko mikononi mwako wewe kijana. Je, wewe huna wajibu? Unao. Yamkini umeona haya baba alipoimba wimbo unaoupenda, tena akaukosea. Au mama alipouliza mara ya tatu ni nani anayemfukuza nani katika mchezo mnaotazama. Ukageuza uso, au ukamjibu kwa ukali. Kumbuka kwamba wewe nawe uliuliza. Uliuliza mwezi huenda wapi, na kwa nini kuku hana meno, ukauliza tena kesho yake, ukajibiwa. Mzazi anayekuuliza jina la mchezaji anabisha hodi katika ua wako. Si lazima umfungulie kila chumba, kwa kuwa viko vilivyo vyako peke yako. Lakini mtoto anayemwacha mzazi wake nje mlangoni kwa dharau, asije akalalamika baadaye kwamba nyumbani hapana anayemwelewa.

Mkaribishe, basi. Chagua kitabu kimoja, au hadithi moja, au mchezo mmoja wa runinga, umwambie, "Baba, hiki kinanichekesha, keti ukione." Huenda akakataa kwa sababu amechoka, na uchovu si kosa. Mkaribishe siku nyingine. Siku atakayoketi usimtahini wala usimcheke. Mweleze kama bibi alivyokuwa akikueleza. Miaka ya kukaa nyumba moja ni michache kuliko mnavyodhani ninyi nyote wawili. Baada yake kuna chuo, kazi, ndoa, na safari za mbali. Watu waliozoea kucheka pamoja hupata neno la kuambiana hata wakikutana mara moja kwa mwaka, na wasiozoea huulizana habari za mvua, kisha wakanyamaza.